Nondo za Bembea

Kiwanda kile cha baiskeli kilijengwa kwa viraka, na anayekwambia kilichorwa chote na mtu mmoja anakudanganya mchana kweupe. Kilianza na chumba kimoja cha matofali pembeni mwa barabara, chenye milango mipana ya mbao na kibaraza cha saruji ambapo mwenyewe alikaa akiziba pancha. Wateja wakazidi, akabomoa ukuta wa nyuma akaongeza karakana. Karakana ikajaa, akaongeza ghala. Ukisimama barabarani uliona matofali mekundu yanaishia hapa, ya kahawia yanaanzia pale, ya kijivu yanadandia kwa juu, kila mwaka wa neema na tofali lake.

Mambo yalipomnyookea, akamwita msanifu majengo. "Nataka ukumbi mmoja mkubwa," akamwambia, "wenye mwanga wa kutosha, na nisione nguzo hata moja katikati. Mashine zangu hazipendi kubanwa." Msanifu akampa paa la meno ya msumeno: bati linapanda taratibu, linakatika ghafla kwa ukuta wa vioo, linashuka hadi kwenye mfereji wa mvua, kisha linaanza kupanda upya. Vioo vyote viliangalia upande ambao jua halipigi, hivyo mwanga uliingia umetulia, hauchomi wala haung'ai. Lile paa lilitia fora, tusimnyime mtu haki yake.

Kisha ardhi ikaisha. Mbele barabara, nyuma mtaro, kushoto na kulia nyumba za watu, na mafundi wa rangi hawana pa kukaa. Msanifu akaitwa tena. Safari hii akaning'iniza roshani ndefu chini ya paa, sakafu ya mbao juu ya vyuma, imeshikiliwa na nondo zinazoshuka kutoka kwenye kenchi za paa. Haikuwa na mguu hata mmoja ardhini. Chini mashine zikaendelea kunguruma, juu rangi ikapigwa. Wafanyakazi waliitazama mara moja tu wakaipa jina: Bembea.

Siku ya kukabidhi kazi msanifu alipanda mwenyewe, akakaza kila nondo kwa kadiri alivyotaka yeye, kisha akaweka tone la rangi nyekundu kwenye kila nati. Maana yake ilikuwa moja: usiguse. Akashuka, akaenda zake. Sasa wewe waambie watu wasiguse kitu, halafu waachie ndoo za rangi! Haukupita muda mafundi wakabakiwa na rangi ya kijani, wakaona nondo zimekaa uchi, wakazipaka zote kutoka juu hadi chini, nati na matone yake. Zikapendeza kweli kweli. Onyo la msanifu likazikwa humo ndani ya kijani, na hakuna aliyelikumbuka tena.

Chini ya Bembea, karibu na ngazi, palikuwa na benchi la magurudumu. Mkubwa wa benchi hilo alikuwa mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Spoki. Mrefu, mkavu, vidole vigumu kama koleo na ulimi mkali kuliko vidole. Aliwahi kuwa na mume. Mume aliondoka akilalamika kwamba amechoka kunyooshwa kila siku kama rimu iliyopinda, na Bi Spoki akajibu kwamba rimu angalau hunyooka.

Kazi yake aliijua. Alipanga spoki kwenye rimu, akakaza nati zake ndogo moja moja, kisha akazipiga kwa ukucha akizunguka: ting, ting, ting. Spoki iliyolegea ilitoa sauti nzito, iliyokazwa mno ililia kama mbu. Alikaza hapa, akalegeza pale, mpaka zote zikatoa sauti moja. Hapo alilizungusha gurudumu, nalo likazunguka bila kuyumba hata unywele. Wenzake wa benchi walifanya vivyo hivyo kwa sababu ndiye aliyewafundisha, na wote waliamini kwamba chuma kikiimba sauti moja kimetulia. Kwa magurudumu ya baiskeli kubwa, ambayo ndiyo pekee waliyofunga miaka yote, ilikuwa kweli tupu.

Kitu kimoja tu duniani kilimfanya Bi Spoki awe laini, nacho ni mdogo wake. Alimlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, wazazi wao walipofariki. Alimsomesha, akamkaripia, akamvika, akamkaripia tena, na alipokua akamwombea kazi huko juu kwa mafundi wa rangi. Binti akawa mchora mistari. Huenda umewahi kuiona ile mistari myembamba ya dhahabu inayokimbia kwenye fremu ya baiskeli mpya. Huchorwa kwa brashi ndefu ya manyoya laini, kwa mkono mtupu, kwa pumzi moja, mwanzo wa bomba hadi mwisho. Ukisita katikati, umeharibu. Mdogo mtu alikuwa hasiti. Dada mtu alikuwa akiona baiskeli inapita barabarani anasimama, anamshika aliye karibu naye bega, anasema, "Uone huo mstari. Huo ni wa kwetu."

Ndiyo maana siku msimamizi wa kiwanda alipokuja kwenye benchi akiwa amebeba fremu begani, roho ilimruka.

"Bi Spoki, mdogo wako siku hizi anachora nyoka."

"Nyoka wa nini tena?"

"Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Mstari ulianza vizuri, ukafika katikati ukaanza kutetemeka, ukaenda hivyo hivyo hadi mwisho.

"Hii ya leo," msimamizi akasema. "Jana ilikuwa hivyo, juzi hivyo. Mimi nakuheshimu, ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Mwisho wa mwezi mistari isiponyooka, atafute kazi kwingine. Na kwa mkono huu sijui nani atamchukua."

Jioni, nyumbani, Bi Spoki hakungoja hata kuvua viatu. "Una nini wewe? Umependa? Unaumwa? Hulali?"

Mdogo wake alikuwa amempa mgongo, anaosha vikombe. "Si mimi, dada. Ni Bembea. Mashine zikinguruma huko chini, sakafu yote inatetemeka. Nitachoraje?"

Kikombe kimoja kilimponyoka kikavunjikia kwenye karo. Bi Spoki hakukijali, hasira ilikuwa imeshapanda, na ilikuwa imeshapata pa kwenda. Bembea! Kwani nani hakujua kwamba Bembea inatetemeka? Ukiweka kikombe cha chai pale juu chai ilichezacheza. Kosa la nyumba, lawama kwa mtoto wa watu!

"Usilie," akamwambia, ingawa binti hakuwa analia. "Hilo niachie mimi."

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kesho yake wakati wa chakula, watu walipotoka nje kwenda kula, Bi Spoki aliazima spana kubwa kwa makanika wa mashine akapanda Bembea. Mdogo wake alibaki juu ya ngazi kulinda. Bi Spoki aligonga nondo ya kwanza kwa mpini wa spana, akaweka sikio. Ikalia juu. Akagonga ya pili. Ikavuma chini, nzito, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Ya tatu juu tena, ya nne chini.

"Ala! Kumbe!" akasema kwa sauti. "Kumbe wametuning'iniza kwenye gurudumu bovu!"

Kila nondo ilikuwa na nati ndefu usawa wa kifua, inayounganisha kipande cha juu na cha chini. Ukiizungusha, nondo inavutika. Bi Spoki akatemea mate viganjani. Zile zilizolia juu hakuzigusa. Zile zilizokoroma alizikaza, robo mzunguko, akagonga, akasikiliza, robo nyingine. Rangi ya kijani ilikatika ikadondoka, na chini yake kukatokea wekundu kidogo. Akaupangusa kwa kidole gumba akidhani ni kutu.

Hakumaliza siku moja. Kila mchana wenzake wakila, yeye alikuwa juu, jasho linamtiririka, mpaka nondo zote za Bembea zikaimba sauti moja. Na kweli Bembea ikatulia. Hata mafundi wa rangi waliokuwa wakimcheka walikubali: chai haikucheza tena. Wakaanza kumwita Injinia.

Lililompa furaha zaidi ni mistari. Kuanzia siku ile fremu za mdogo wake zilishuka zimenyooka kama zamani, dhahabu safi, pumzi moja. Msimamizi alizigeuza huku na huku akitafuta kosa, akakosa. "Haya," akasema, shingo upande. "Nimekosea mimi." Bi Spoki alikuwa hakanyagi chini. Mdogo wake tu ndiye hakuonekana kufurahi kama ilivyotarajiwa. Alisema, "Asante, dada," akaenda kulala mapema.

Kisha kioo kikapasuka.

Kilikuwa cha juu kabisa, kule paa linapofikia kilele. Fundi vioo akaja, akabandika kingine, akasema ni joto. Kikapasuka cha pili, kando ya kile cha kwanza. "Joto," akasema tena, ingawa siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Mlango wa tanuri la kukaushia rangi, huko juu, ukaanza kukwama. Unga mwekundu wa kutu ukawa unadondoka juu ya benchi la magurudumu, na wafungaji wakasema ni panya kwenye paa. Bi Spoki aliupuliza akaendelea na kazi. Ila usiku mmoja alijikuta amekaa kitandani, macho makavu, hajui kilichomwamsha ni nini.

Halafu ikaja oda ya baiskeli za watoto. Kiwanda hakikuwa kimewahi kutengeneza hata moja, na benchi zima lilichangamka. Rimu zilikuwa ndogo za kupendeza, spoki fupi fupi. Bi Spoki akachukua ya kwanza mwenyewe, maana ya kwanza lazima iwe yake. Akafunga, akakaza kidogo, akapiga kwa ukucha.

Ting! Juu sana, kama mbu.

"Hee, mbona mnalia hivyo wakati bado hata sijawakaza?" akawaambia spoki, na wenzake wakacheka. Akazilegeza. Bado juu. Akalegeza tena, na tena, mpaka zikatoa ile sauti aliyoizoea, sauti ya gurudumu lililokaa. Akalitoa gurudumu kwenye kishikio. Likalegea mikononi mwake kama kikapu kilichooza. Spoki zilikuwa zinacheza kwenye rimu.

Benchi zima likaangua kicheko. "Injinia kashindwa na kigari cha mtoto!"

Naye alikuwa ameanza kucheka. Kicheko kikamfia mdomoni.

Alichukua spoki fupi kwa mkono mmoja na spoki ndefu kwa mkono mwingine, akazitazama. Fupi hulia juu hata ikiwa imelegea. Ndefu hukoroma hata ikiwa imekazwa sawasawa. Ukitaka ndefu iimbe sauti ya fupi, lazima uivute kupita kiasi, uivute mpaka ikaribie kukatika. Maisha yake yote alikuwa anafunga spoki za urefu mmoja, ndiyo maana masikio yake hayakuwahi kumwambia hilo.

Akainua uso polepole. Paa la meno ya msumeno. Nondo zilizofungwa karibu na mifereji, paa lilikoshuka, zilikuwa fupi. Zilizofungwa kwenye vilele, kule vioo vilikopasukia, zilikuwa ndefu, nyingine mara mbili ya wenzake. Na yeye, kwa mkono wake, kwa spana ya kuazima, alikuwa amezilazimisha zote ziimbe sauti moja. Uzito wa Bembea nzima, tanuri, madumu ya rangi, fremu za oda mbili, mafundi, na mdogo wake, vyote alikuwa amevitundika kwenye nondo chache ndefu na kwenye ncha za kenchi.

Wazo la kwanza lilikuwa apande mchana akalegeze kimya kimya. Alilifikiria kwa muda wa pumzi moja akaona ni wazimu: ukilegeza moja, mzigo wake unarukia ya jirani, na jirani mwenyewe yuko taabani. Wazo la pili, amwambie msimamizi. Msimamizi angeuliza, angebisha, angetaka kuona. Na akishaona, Bi Spoki hana kazi, na kile kisa cha mistari kinafufuka upya.

Juu, kwenye kilele, kioo kingine kikalia, na safari hii hakikubaki kwenye fremu yake. Vipande vikamwagika sakafuni hatua chache kutoka benchi. Kwa nyuma yake ukaja mlio mwingine, mdogo, mrefu, wa chuma kinachovutwa.

Bi Spoki akakimbia.

King'ora cha chakula kilikuwa karibu na lango, na mwenye kukipiga alikuwa mzee mmoja aliyeamini kwamba jua lenyewe linamsubiri yeye.

"Baba, piga king'ora!"

"Bado."

"Baba yangu, nakuomba, piga!"

"Nimesema bado, mwanangu. Njaa gani hiyo ya asubuhi?"

Alimsukuma kando, mzee wa watu, akavuta mpini kwa mikono yote miwili. King'ora kikalia. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine kama kawaida ya saa ya chakula, na watu wakashangilia: leo mapema! Kutoka Bembea mafundi wa rangi wakaanza kushuka ngazi wakitaniana, wanajifuta mikono kwa matambara. Bi Spoki alisimama chini akiwapigia kelele, "Nje! Nje wote! Msipite chini ya Bembea! Wewe, acha hiyo nyundo, toka!" Walimwona amechanganyikiwa, lakini Bi Spoki akifoka watu walikuwa wanatii kwanza na kuuliza baadaye.

Mdogo wake hakushuka.

Mwisho wa msururu alikuwa mchora mistari mwingine, jirani yake wa meza, waliyemwita Kasuku kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa haupumziki. Bi Spoki akamdaka mkono. "Mdogo wangu yuko wapi?"

"Yuko juu. Anamalizia."

"Anamalizia nini wakati king'ora kimelia?"

Kasuku, yule wa maneno mengi, akaangalia chini asiseme kitu.

Bi Spoki alipanda ngazi akiwa ameshika roho mkononi. Huko juu harufu ya rangi na thina ilimpiga usoni, ikamtoa machozi. Vioo vyote vilikuwa vimezibwa pembeni kwa lami ili vumbi lisiingie likaharibu rangi mbichi, na moshi wote wa tanuri na mvuke wa thina ulikuwa umeganda pale chini ya bati. Hakuwa amewahi kupanda kazi ikiwa imepamba moto. Mchana alipokuwa akija, tanuri lilikuwa limepoa na madumu yamefunikwa.

Mdogo wake alikuwa mwisho kabisa, kwenye meza ya ukutani, amempa mgongo. Mbele yake palikuwa na fremu ya kutupwa. Alikuwa anachora mstari.

"Shuka! Acha hiyo, shuka sasa hivi!"

"Subiri dada, nimalize."

"Bembea inaanguka, we mtoto! Nimeiharibu mimi. Shuka!"

Binti hakugeuka. Bi Spoki akamfikia, akamshika kiwiko, na hapo ndipo akaona. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Sakafu ilikuwa imetulia tuli, mafuta kwenye kikombe cha brashi yametulia kama kioo. Mkono wa mdogo wake ulikuwa unatetemeka. Ulitetemeka kuanzia vidoleni hadi begani, na mstari wa dhahabu kwenye fremu ile ulikuwa ule ule, nyoka.

"Sakafu haikuwa na kosa, dada," mdogo wake akasema. "Ni huu."

"Lakini mistari ilinyooka. Msimamizi mwenyewe..."

"Anachora Kasuku. Zake na zangu. Mimi namsafishia brashi." Akaiweka brashi chini. "Ulipanda hapa siku zote zile ukitoka jasho kwa ajili yangu. Ningekwambiaje kwamba haijasaidia? Nilikudanganya mara moja, ikabidi niendelee. Kila mchana nabaki hapa najaribu. Nilifikiri mkono utarudi kama zamani."

Bi Spoki alifungua mdomo, na nondo ikakatika.

Haikulia kama kitu chochote alichowahi kukisikia. Ilipiga, na kipande chake cha juu kikachapa vioo vya kilele, vikamwagika vyote. Sakafu ikainama upande mmoja. Madumu yakaanza kuteleza. Bi Spoki alimnyakua mdogo wake kiunoni wakakimbia kwa kupanda mteremko ambao dakika ile ile ulikuwa sakafu. Nondo ya pili ikakatika nyuma yao. Penye ngazi binti alijaribu kushika reli, vidole vikakataa kufumba, akateleza. Dada yake akamkumbatia kwa mkono mmoja, mkono mwingine kwenye reli, wakashuka wakiburuzana, magoti yanagonga kila ngazi. Walipokanyaga saruji tu, kona nzima ya Bembea ikashuka na tanuri lake, ikalisaga benchi la magurudumu.

Vumbi lilipotua, watu walihesabiana kwa kuitana. Hakuna aliyeumia. Upande mmoja wa Bembea ulikuwa bado unaning'inia kwenye nondo fupi, upande mwingine uko chini, rangi ya kijani, nyeusi na ya dhahabu inachuruzika pamoja sakafuni.

Msimamizi alipita katikati ya watu, uso umempauka. Akaokota kipande cha nondo, akaiona nati iliyochubuliwa na spana.

"Nani amezigusa hizi?"

Kiwanda kizima kilijua, na kiwanda kizima kilinyamaza.

"Mimi," Bi Spoki akasema.

"Wewe? Kwa sababu gani?"

Alimtazama mdogo wake, ambaye alikuwa ameficha mikono kwapani. Bi Spoki hakuwa mwongo, hakuwahi kuuhitaji uongo. Safari hii alijikaza.

"Zilikuwa zinanikera," akasema. "Kila moja na sauti yake. Nikazikaza."

"Zinakukera! Unataka kuua watu kwa sababu chuma kimekukera! Mwanamke, una akili timamu?" Alikuwa amewaka hasira, na nani angemlaumu? "Toka. Usikanyage tena hapa. Toka kabla sijaita wa kukutoa."

Bi Spoki akageuka aondoke.

"Asitoke," mdogo wake akasema.

Akaja mbele, akaunyoosha mkono wake mbele ya msimamizi, mbele ya watu wote, vidole wazi. Ulicheza hewani waziwazi, na hakuna mashine hata moja iliyokuwa inawaka.

"Alizikaza kwa ajili ya huu. Nilimwambia sakafu ndiyo inayotetemeka, akaniamini. Mfukuze na mimi."

Kasuku akasogea, akasimama karibu na mwenzake.

"Mistari yake naichora mimi," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza watu kumsikia akisema kwa sauti ya chini. "Ninapoanza kazi mkono wangu unatulia. Ikifika saa hizi, angalieni."

Akaunyoosha wake. Ulitetemeka kidogo tu, lakini ulitetemeka. Fundi mzee wa kupiga rangi, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akaingiza mkono wake mfukoni haraka. Mkewe, aliyefanya kazi kwenye ghala na alikuwa pembeni yake, akamwangalia, akaingiza mkono kwenye ule mfuko, akautoa wa mumewe nje, akauinua juu watu wauone. Mzee hakumzuia.

Bi Spoki aliitazama mikono ile mitatu. Kisha akainua macho kwenye paa lililosifiwa na wote, kwenye vioo vilivyozibwa kwa lami, mahali ambapo mvuke wote wa rangi ulikosa pa kutokea, ukaishia vifuani mwa watu. Vioo vya kilele vilikuwa vimekwisha. Moshi wa rangi ulikuwa unatoka nje taratibu kupitia matundu yao.

"Haya," msimamizi akasema hatimaye, kwa sauti iliyotafuta pa kushika. "Haya, nyie wa rangi, nendeni mkale. Tutaangalia. Kesho tutaweka sehemu nyingine huko juu, ile iliyobaki..."

Hakuna aliyekwenda kula, na fundi mzee akatingisha kichwa. "Huko juu hatupandi," akasema.

Bi Spoki akauchukua mkono wa mdogo wake, akaubana katikati ya viganja vyake viwili vigumu, kwa nguvu zake zote, mpaka binti akasema, "Dada, unaniumiza." Akalegeza. Mkono ukaendelea kutetemeka mle ndani, naye akabaki ameushika hivyo hivyo.